Vifuniko vya Soda Kifuani mwa Kiboko

Harufu ya braso, dawa ya kung'arishia shaba, haitoki vidoleni upesi. Unaweza kunawa kwa sabuni ya mche, ukasugua kwa mchanga, ukajipaka mafuta, na bado ukilalia kiganja usiku utaisikia, kali, ikipanda puani mpaka kwenye paji la uso. Nyumbani kwetu, katika kambi ya polisi pale Kampala, harufu hiyo ndiyo iliyokuwa Jumapili. Watu wengine waliitambua Jumapili kwa kengele au kwa wali. Sisi tuliitambua kwa kopo la braso kufunguliwa baada ya chakula cha mchana, na matambara ya fulana kuukuu kugawiwa mimi na kaka yangu. Baba alikuwa sajini katika bendi ya polisi, mpiga tarumbeta, na mtu wa bendi hapaswi kuwa na kifungo kilichofifia. Tulikuwa na kibao chembamba chenye mfereji katikati. Unakipitisha nyuma ya vifungo ili dawa isichafue kitambaa, kisha unasugua mpaka uone uso wako mwenyewe ndani ya shaba, umevimba mashavu. Mwisho kabisa zilikuja medali zake mbili za utumishi, na hizo nilipewa mimi peke yangu kwa sababu nilikuwa na mkono mwepesi. Nilikuwa na miaka tisa, na sidhani kama nimewahi tena kupewa kazi ya heshima kama ile.

Nayataja haya mapema kwa sababu mtoto wa kambi ana macho yake. Sisi tulijifunza kusoma mabega na vifua kabla ya kusoma a, e, i, o, u. Tulijua kwamba mke wa sajini huteka maji kabla ya mke wa koplo, na mke wa koplo kabla ya mke wa konstebo, hata kama mke wa konstebo amefika bombani alfajiri. Mtu asiye na kitu chochote kinachong'aa kifuani alikuwa kwetu mtu mtupu tu, mpita njia. Kaka yangu aliwahi kumchora malaika Gabrieli akiwa na mistari mitatu mkononi, na sista aliyetufundisha dini akamchapa kwa kumkejeli malaika. Tulirudi nyumbani tukijadili kosa lilikuwa wapi. Hatimaye tukakubaliana kwamba sista alikasirika kwa kuwa mistari mitatu ni michache, malaika mkubwa vile alistahili kuwa ofisa.

Baba alikuwa Mwacholi na Mkatoliki. Mama alikuwa Mnubi wa Bombo na Mwislamu. Kwa hiyo tulikula Idd na Krismasi zote mbili, na ndani ya nyumba tulizungumza Kiswahili, kwa sababu ndiyo lugha pekee ambayo hakuna kati yao aliyeweza kumshinda mwenzake nayo kwa ugomvi. Mjini Kiswahili chetu kilichekwa. Watoto wa Kiganda walikiita lugha ya pingu, wakikimbia kabla hatujawarushia mawe. Halafu serikali ya wanajeshi ikatangaza kwamba Kiswahili ndicho lugha ya taifa, na ghafla wale waliotucheka wakaanza kutuuliza maneno. Sitaficha kwamba nilifurahi. Nilitembea shuleni kama mtu aliyerithi ng'ombe. Watu wazima wa kambini wao hawakufurahi kiasi hicho, maana mengine yaliyotangazwa miaka ile hayakuwa na furaha, na katika safu ya nyumba zetu mpiga ngoma mmoja wa bendi aliitwa kutoka kwenye gwaride asubuhi moja na hakurudi. Siku ya nne familia nyingine ilikuwa imeshahamia nyumbani kwake. Mkewe aliacha sufuria ya maharage mekoni, na mama yangu aliiepua, akaja kuwapa wenyeji wapya bila kusema ilikuwa ya nani.

Ndipo alipokuja Mwalimu Nalwadda. Alitoka Kyambogo, ambako alifundisha wanaosomea ualimu, mwanamke mfupi mwembamba mwenye mkoba wa ukili uliojaa karatasi na machungwa. Alikuwa ameandika kijitabu cha kusoma cha darasa la pili, kurasa kumi na sita, jalada la manjano, michoro kachora mwenyewe. Kilisimulia habari ya Kiboko na kisima. Wanyama wanampa Kiboko kazi ya kulinda kisima kwa kuwa yeye ndiye mkubwa kuliko wote, Kiboko anaona njia nzuri ya kukilinda ni kukaa ndani yake, maji yanachafuka, watoto wa wanyama wanaumwa matumbo, na hakuna anayethubutu kumwambia atoke, mpaka Chura mdogo anamwendea na kumwuliza, "Bwana Kiboko, wewe ukikaa kisimani, sisi tutakunywa nini?" Kiboko anaona haya, anatoka, anahamia ziwani, na ukurasa wa mwisho unaeleza namna ya kuchemsha maji. Ndivyo vilivyokuwa vitabu vya shule vya siku zile, lazima mwishoni kuna maji ya kuchemsha au meno ya kupiga mswaki. Sasa televisheni ilitaka hadithi za shule zichezwe na watoto, kwa Kiswahili, na Mwalimu Nalwadda, Mganda ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kuazima, alikuja kwenye shule yetu ya kambi kutafuta watoto ambao lugha hiyo ilikuwa yao.

Alichagua sita. Mimi nikapewa Chura. Nekesa, binti wa Mkenya aliyekuwa karani wa kantini ya kambi, akapewa Kiboko kwa sababu alikuwa mrefu kuliko sote na hakuwa na aibu ya kunguruma. Kila Jumamosi gari la chuo lilitupeleka Kyambogo tukafanya mazoezi katika darasa lililonuka chaki na nta ya sakafu. Huko ndiko nilikojifunza kwamba kitabu na televisheni ni ndugu wasiofanana. Kitabu kinaweza kusema palikuwa na msitu, msomaji akauona. Televisheni inataka msitu wenyewe, na msitu wetu ulikuwa majani ya migomba yaliyokatwa asubuhi. Kitabu kinasema Kiboko alifikiri. Nekesa alipoambiwa afikiri alikuna kichwa mpaka kinyago kikageuka nyuma mbele. Fundi mmoja wa Katwe alikuwa ametengeneza umbo la kiboko kwa nyaya, Mwalimu akalivika gunia na kulipaka masizi. Alikata maneno, akaongeza maneno, akafuta ukurasa mzima wa ndege ambao hatukuwa na mtu wa kuucheza. "Kitabu yangu inakonda," alituambia, "lakini sauti yake inakuwa kubwa."

Na hapa aibu yangu ya kwanza, ndogo, iliyokuwa ikinyoosha njia kwa ile kubwa. Nilimcheka. Mwalimu Nalwadda alichanganya r na l kama wanavyochanganya Waganda wengi, na mimi, mtoto wa miaka tisa, kila alipokosea niliinua mkono na kumsahihisha mbele ya wenzangu. Nilikuwa najua ninachofanya. Nilikuwa nawalipiza wale wa lugha ya pingu, na nilimlipiza mtu ambaye hakuwa miongoni mwao. Yeye aliandika neno sahihi pembeni mwa karatasi yake, akasema, "Asante, mwarimu wangu," kisha akatugawia machungwa, na langu mara nyingi lilikuwa kubwa kidogo. Aliniita Chura hata nje ya mchezo. Nilimpenda, na ninajua inaonekana ajabu kusema hivyo baada ya niliyoyaeleza, lakini mtoto anaweza kumcheka mtu na kumpenda kwa mdomo uleule.

Kadiri siku ya mchezo ilivyokaribia, jambo moja lilinikera. Kiboko wetu alikuwa mtupu. Huyu ni mkubwa wa wanyama wote, amekabidhiwa kisima, na kifuani hana kitu ila gunia lenye maandishi ya kahawa yaliyofifia. Nilimwuliza Mwalimu mbona hana hata cheo kimoja. Alikuwa akishona mdomo wa kinyago, akaacha sindano. "Kiboko yangu ni kiboko tu, Chura," alisema. "Hana kabira, hana cheo. Nataka watoto wajue maji chafu naleta ugonjwa, basi." Alilisema kwa sauti ya chini isiyo ya kawaida yake. Mtu mzima yeyote wa Kampala ya siku zile angeelewa. Kila siku magazeti yalitoa picha ya Rais wetu, mtu mkubwa wa mwili, kifua chake kimejaa medali mpaka koti likainama upande. Mimi niliisikia sauti ile ya chini na nikadhani Mwalimu anaona haya kwa kukosa pesa za kununulia mapambo. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini macho yangu yalikuwa yamefundishwa kutazama kitu kimoja tu.

Nikaamua kumsaidia. Nekesa aliniletea vifuniko vya soda kutoka kantini kwa baba yake, kumi na viwili, bila kuuliza vya nini. Nilivisugua kwenye saruji ya bomba mpaka rangi na maandishi yakatoka, kisha nikangoja Jumapili. Baba alipolala baada ya kula, nilivipaka braso na kuvisugua kwa tambara lilelile la medali zake. Viling'aa, wallahi. Nilikata utepe wa gauni kuukuu la mama vipande vipande. Watoto wote wa kambi tulijua ufundi wa kufunga kifuniko: unabandua kile kizibo chembamba kilicho ndani, unaweka kifuniko mbele ya nguo, kizibo nyuma yake, unabana, nguo inashikwa katikati na haichomoki hata ukicheza mpira. Sikumwambia mtu. Nilitaka iwe zawadi. Nilijiona nikisifiwa mbele ya wote, Mwalimu akisema kumbe ndicho kilichokuwa kikikosekana.

Studio ilikuwa kilimani, chumba chenye baridi mpaka taa zilipowashwa, halafu joto kama la tanuri la mkate. Mchezo ulirushwa hewani moja kwa moja, maana kanda za kurekodia zilikuwa adimu kama sukari. Mwalimu alikuwa upande wa pili akinyunyizia maji majani ya migomba yaliyoanza kunywea kwa joto, na mimi nikambania Nekesa vifuniko vyote kumi na viwili nyuma ya pazia, nikampangia safu tatu kama inavyotakiwa. Nekesa alijitazama akacheka. Kisha mtu akahesabu kwa vidole, na Kiboko akatoka kwenye mwanga.

Nilikuwa nimesimama mahali ambapo nilimwona Mwalimu Nalwadda kwa ubavu. Sijui niseme nini kuhusu uso wake. Alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Nami nikatabasamu, nikidhani amefurahi mpaka ameshindwa kusimama. Mpiga kamera, kijana wa watu, alivutwa na kile kilichong'aa akasogea, akasogea, mpaka kwenye ile televisheni ndogo ya studio kifua cha Kiboko kikajaa kioo kizima, kimekaa ndani ya kisima cha watu. Hapo ndipo zamu yangu ilipofika. Nikaruka mbele, na kwa sauti niliyoizoesha miezi miwili, kwa Kiswahili safi kisicho na kosa hata moja, nikauliza nchi nzima, "Bwana Kiboko, wewe ukikaa kisimani, sisi tutakunywa nini?" Kaka yangu aliniambia baadaye kwamba kwenye kantini ya kambi, ambako watu wote walikuwa wamekusanyika kutuangalia kwenye televisheni pekee ya kambi, mtu mmoja alianza kucheka na akaacha katikati. Kisha baba wa Nekesa akainuka akaizima, akasema umeme una matatizo. Taa ya kantini ilikuwa inawaka juu ya vichwa vyao.

Tulimaliza mpaka wimbo wa kuchemsha maji. Kamera ilipozimwa simu ikalia ofisini, ikalia tena, na wafanyakazi wa studio wakaanza kuondoka mmoja mmoja kama watu waliokumbuka kwamba wameacha maziwa jikoni. Mwalimu alimvua Nekesa kinyago. Akachomoa kifuniko kimoja, akakinusa. Kisha akatupitia sisi sita, akishika mikono yetu kama anayetupongeza, na alipofika kwangu akaiinua yangu mpaka karibu na uso wake. Tulitazamana. Alitoa chungwa kwenye mkoba wake akaniwekea kiganjani. "Menya, Chura," alisema. "Kwa kucha. Yote. Usinawe." Nilimenya. Maji ya ganda yaliniingia chini ya kucha na kuniwasha kwenye mkwaruzo wa saruji. Nilifikiri ni ile zawadi yangu imekuja.

Mtu aliyekuja alikuwa peke yake, kwa nguo za kawaida, shati limetunishwa kiunoni na kitu ambacho mtoto wa kambi hahitaji kuambiwa ni nini. Hakupiga kelele. Alivuta kiti akakaa kimo chetu, akatandaza vifuniko kwenye goti. Simba mwenda kimya ndiye mla nyama, na huyu alikuwa na sauti ya mjomba. "Nani naweka hii kitu?" aliuliza. "Musiogope, watoto. Mimi nauliza tu." Akamgeukia Nekesa. "Wewe ndiyo ulivaa. Nani nakupatia?" Nekesa alitazama miguu yake. Alikuwa Mkenya, na baba yake alikuwa Mkenya, na miezi ile Wakenya walikuwa wakifunga mizigo yao kimyakimya. Alikuwa na kila sababu ya kuninyooshea kidole. Machozi yalimtiririka mpaka kidevuni, na hakusema.

Yule mtu akainusa ile shaba ya uongo. "Hii nanuka braso. Braso siku hizi iko kwa stoo ya serikali tu. Nani hapa baba yake iko askari?" Watano kati yetu tukainua mikono, kwa mazoea, kama darasani. Akatuita mmoja mmoja, akatunusa vidole, polepole, kama mama anayekagua kama umenawa. Alipofika kwangu alisikia chungwa. Akaniachia mkono, akaenda kwa anayefuata.

Nimesimulia habari hii mara chache maishani, na kila mara nilipofika hapa nilisema kwamba nilinyamaza kwa ajili ya baba. Nilisema nilimkumbuka mpiga ngoma na sufuria ya maharage. Ni uongo, na nimeuchoka. Baba hakunipitia kichwani hata kidogo. Niliogopa kunyang'anywa nafasi ya Chura. Ilikuwa imesemwa kwamba tukifanya vizuri tutaitwa tena mwezi unaofuata kwa hadithi nyingine, na mimi nilitaka kuitwa. Nilimtazama Mwalimu Nalwadda nikingoja arekebishe mambo, kama watu wazima wanavyorekebisha. Na akarekebisha. Alisimama, akakunja mikono mbele ya gauni lake, akasema, kwa heshima ya Kiganda, "Ni mimi, ssebo. Batoto hawajui kitu. Braso niriinunua magendo." Kununua magendo peke yake kulitosha kumfunga mtu miaka ile. Alijiongezea kosa la pili ili la kwanza liaminike. Na alikosea lile neno, akasema r pale inapotakiwa l, na mkono wangu, Mungu anisamehe, ulitikisika kutaka kuinuka kumsahihisha. Kwa hilo mkono wangu ulikuwa tayari.

Alichukua mkoba wake. Yule mtu akamwambia hatauhitaji, akauacha mezani, na machungwa mawili yakabingirika yakaanguka. Hatukuyaokota.

Nyumbani hakuna aliyenichapa. Mama alifunga mlango na kusema, "Hakuna mutu naongea hii maneno. Hata na kuku." Baba aliteremsha kopo la braso, akalitikisa sikioni, akajua limepungua kiasi gani. Nilingoja. Laiti angeniuliza, nadhani ningesema, kwa kuwa yeye sikuwahi kumdanganya. Kisha akaliweka juu ya kabati ambako sikuweza kufika. "Kuanzia leo," alisema, "vifungo nasugua mimi." Hakuwahi kuniuliza mpaka alipokufa, na Jumapili zote zilizofuata nilikaa kizingitini nikisikia tambara lake likisugua ndani. Wiki mbili baadaye Nekesa na wazazi wake waliondoka kwenda kwao Kenya. Nilimwona akipanda lori na godoro lao. Alinipungia mkono. Mimi nilikuwa nimebeba ndoo.

Mwalimu Nalwadda alirudi. Wengi hawakurudi, yeye alirudi, baada ya majuma mengi, lakini kazi ya Kyambogo na nyumba ya chuo walikuwa wameshapewa wengine. Hayo niliyajua kwa macho yangu. Nilikuwa na miaka kumi na moja, mama amenituma Bwaise kutafuta mkaa wa bei nafuu, mvua imenyesha na maji meusi yamejaa mifereji ya Bombo Road. Alikuwa amekaa juu ya kreti, akiuza mihogo ya kuchemsha. Watoto wanne watano wa mtaani walikuwa wamechuchumaa mbele yake, akiwasimulia kitu huku akigeuza mihogo, na nilijua ni hadithi gani kwa jinsi alivyotunisha mashavu. Mkono wa kushoto haukuwa ukifunguka vizuri. Aliinua kichwa akaniona. Uso wake ukafunguka wote. "Chura!" aliita. "Chura wangu!" Hakukuwa na lawama yoyote katika sauti ile, ndiyo maana naisikia mpaka leo. Ningeweza kuvuka, ni hatua sita. Niligeuka nikatembea upesi, nikakanyaga maji mpaka magotini, nikajifanya ni mtu mwingine anayeitwa. Mama aliniuliza mkaa uko wapi nikasema umekwisha. Studioni nilikuwa mtoto na nilikuwa na mtu mwenye bastola mbele yangu. Bwaise nilikuwa na mwanamke na mihogo.

Sikumwona tena. Utawala ulipoanguka nilimtafuta, si kwa bidii kama ninavyopenda kudai, na nilipoanza kumtafuta kwa bidii hasa nilikuwa mwanamke mwenye mvi anayekaribia kustaafu uuguzi. Bwaise hapakuwa na anayemkumbuka. Kyambogo walinionyesha orodha ndefu na jina lake halikuwemo. Nilichopata ni kijitabu, jalada la manjano limeliwa na mende, kwa muuza vitabu vikuukuu, nami nikakiweka pamoja na cheti changu cha ndoa.

Siku hizi hadithi za watoto haziombi msitu wa migomba. Mjukuu wangu ana miaka sita na anaziangalia kwenye simu ya mama yake, za rangi, zinazoimba, anarudia kipande anachokipenda mara ishirini, na hakuna anayezima akasingizia umeme. Juzi alinijia mbio na chungwa mdomoni. Vijana fulani wa hapa Kampala wametengeneza katuni ya Kiboko na kisima. Ilikuwa ni ya Mwalimu kweli, Chura akiuliza swali lake, na mwisho kabisa, kwa herufi ndogo zinazopita haraka, jina la Nalwadda. Na Kiboko yule wa katuni alikuwa na medali, safu tatu, zikigongana kila akitembea, na mjukuu wangu akicheka mpaka anashika tumbo. Hawakuzitoa kitabuni. Lazima kuna mtu aliyekuwa mbele ya televisheni jioni ile, mahali fulani katika mji huu, akaogopa kucheka, akalihifadhi cheko lake, akaja kuwapa watoto wake.

Nilimletea kijitabu aone kilipotoka. Alikipekua kwa vidole vyenye maji ya chungwa, ukurasa kwa ukurasa, akimlinganisha Kiboko na yule wa kwenye simu, kisha akakunja uso. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, na wangu alikuwa amekaa mapajani mwangu.

"Jaja, kwa kitabu hana medali," alisema. "Nani alimuwekea?"

"Mimi," nikajibu.

Nililisema waziwazi, kwa Kiswahili safi kisicho na kosa. Lakini aliyeniuliza alikuwa na miaka sita, amenipa kipande cha chungwa lake, na kiunoni hakuwa na kitu.